Flashi ya Katibu

Ukiishi Tunduma unazoea vitu vinavyokudanganya vikikutazama usoni. Simu yangu, kwa mfano, nikikaribia mpaka hunasa mnara wa Zambia, na saa yake hurudi nyuma palepale, maana Nakonde, hatua chache kutoka kwetu, wako nyuma yetu kwa saa nzima. Nimeshachelewa mazishi mawili na kikao kimoja cha walimu kwa sababu hiyo. Mara zote tatu nilijitetea kwa ukweli mtupu, na mara zote tatu hakuna aliyeniamini.

Sasa sikilizeni habari ya flashi.

Mwaka mmoja nilikuwa katibu wa kamati ya sendofu ya mpwa wangu. Asiyewahi kushika cheo hicho ajue kwamba katibu ndiye mtu pekee katika ukoo anayejua nani ametoa nini. Nilitengeneza jedwali zuri la Excel lenye safu tatu: jina, ahadi, taslimu. Majina yalikuwa 143. Safu ya ahadi ilikuwa imenona. Safu ya taslimu ilikuwa na utapiamlo.

Kwa kuwa kompyuta niliyotumia ilikuwa ya kuazima, jedwali nililitunza kwenye flashi. Flashi yenyewe niliinunua Mpemba, kwa kijana aliyekuwa akipita kwenye foleni ya malori. Mkono mmoja ulibeba chaja na spika za masikioni, mwingine trei ya mayai ya kuchemsha. Ubavuni iliandikwa GB 64. Bei: elfu nane.

"Mbona rahisi hivyo?"

"Bei ya mpakani hiyo, mwalimu."

Tunduma neno hilo hufunga mjadala. Nikanunua na yai.

Miezi miwili flashi ilifanya kazi bila kukohoa. Kisha shangazi akaniletea video za kichenpati, zaidi ya saa tatu za vigelegele, akaomba nizihifadhi "humohumo kwenye kile kidude chako." Nafasi ilionekana tele. Nikazimwaga zote.

Jumapili iliyofuata, katikati ya baridi ya Juni, kamati ikakaa. Kila mtu ndani ya koti la mtumba, mikono kwenye kikombe cha chai. Nikachomeka flashi ili nisome orodha ya wadaiwa. Kompyuta ikaniambia kwa upole kwamba ni lazima niifomati kwanza. Nikachomoa, nikachomeka tena. Safari hii haikusema hata neno; flashi ilitulia kimya kama kimondo pale Ndolezi.

Kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, niliwaona wajumbe wakitabasamu. Shemeji yangu, aliyeahidi laki mbili tangu kabla ya Pasaka na kugeuka mgumu wa kupokea simu, akanishika bega.

"Pole sana, Katibu. Mipango ya Mungu hiyo."

Tiba zikaanza. Baba mdogo akasema ipulizwe. Nikaipuliza hadi kizunguzungu. Mama mkubwa akashauri ianikwe juani, lakini jua lenyewe siku hiyo halikuwepo. Mjumbe mmoja akaisugua kwa ufutio wa penseli. Ilitakata, ikaendelea kukataa kusoma.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mwenye kibanda karibu na stendi, chenye bango: TUNATENGENEZA SIMU, TUNARUSHA NYIMBO, TUNATOA VIRUSI. Kijana akaniamkia, nikaitikia marahaba, akaipokea flashi kwa vidole viwili kama daktari anayepima homa.

"Mwalimu, unataka niiokoe flashi au niokoe vilivyomo?"

"Vyote."

"Hivyo ni vitu viwili tofauti."

Akanieleza vizuri kuliko semina yoyote niliyowahi kulipwa posho kuhudhuria. Kufomati kwa haraka, alisema, ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: sura zenyewe bado zipo, mwenye subira anaweza kuziokota. Kufomati kwa kina ni kuandika sifuri juu ya kila ukurasa. Hapo flashi inaweza kupona, ila haitakumbuka kitu.

Akaanza na kuokota. Baada ya saa nzima likatokea jedwali langu, majina yote 143 yamegeuka vibox na alama za kuuliza. Ikatokea na video moja: shangazi anaingia ukumbini akicheza, sekunde nne, kisha nusu yake ya chini ikabaki pale na nusu ya juu ikaenda zake.

"Fanya hiyo ya kina," nikasema, kwa sauti ya mtu anayesaini fomu ya upasuaji.

Kumbe kila flashi ina kidude ndani kiitwacho kontrola, ndicho msimamizi wa ghala: kinajua kila mzigo uko wapi na kujibu kompyuta inapouliza. Kufika chini kabisa unahitaji programu ya kiwandani inayoendana na kontrola ileile; ukikosea, unaua. Fundi akasoma namba za kontrola, akatafuta intanetini, akaipata. Ilikuwa ya Kichina kuanzia juu hadi chini. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, Wachina wakapita hapahapa Tunduma wakipiga kazi, na sidhani kama kuna siku mji huu ulimhitaji Mchina kwa haraka kuliko siku hiyo. Fundi akaelekeza kamera ya simu kwenye kioo ili itafsiri vitufe. Kimoja kikasomeka "anza," kingine "futa ukoo." Tukabonyeza cha kwanza.

"Itachukua muda. Rudi saa kumi na moja, mimi nafunga mapema."

Nikarudi saa kumi na moja kamili. Ya Zambia. Kwetu ilikuwa kumi na mbili, na mlangoni kulikuwa na kufuli.

Asubuhi fundi alinipokea akicheka. "Imepona, mwalimu. Ila haikuwa GB 64. Ni GB 8."

Nikadhani kuna namba imemponyoka. Akanionyesha: 7.45, kwa jinsi kompyuta inavyohesabu. Waliotengeneza flashi ile waliifundisha kontrola kusema 64 kila inapoulizwa. Kompyuta haihesabu, inaamini. Ukiweka vitu vya GB 8 viko salama. Ukizidisha, flashi inapokea kwa heshima zote, kisha inaandika juu ya vile vya mwanzo. Kwa lugha nyingine, shangazi alicheza juu ya majina ya wachangiaji.

Flashi za kwanza kuuzwa Marekani, mwishoni mwa mwaka 2000 kwa jina la IBM, zilikuwa na MB 8 tu. Ndogo mno, nusu ya wimbo wa video isingeingia. Lakini zilikuwa 8 kweli.

Nikatoka na flashi mkononi, nikijiuliza ni wapi nimewahi kuona kitu kinachotangaza 64 mbele za watu na kutoa 8. Nilikuwa nimekiona katika jedwali langu mwenyewe, safu ya pili na ya tatu.

Kwenye grupu la WhatsApp nikaandika: "Ndugu wajumbe, orodha imepotea. Kila mmoja aseme alichokwisha toa." Watu waliokuwa kimya tangu Machi wakafufuka. Hadi usiku jumla ya waliyosema wametoa ilifika milioni sita na laki nne. Kwenye simu ya mhazini kulikuwa na milioni mbili na laki tatu.

Bahati njema, michango yetu yote ilipita kwa simu, na mhazini wetu ni mama asiyefuta meseji. Siku mbili usiku tulikaa naye tukisoma moja baada ya nyingine hadi jedwali likarudi. Shemeji, aliyeapa kwamba alitoa laki mbili zote tena mbele yangu, alikuwa ametuma elfu ishirini na tano. Nikapiga hesabu: moja ya nane. Sawasawa na flashi, bila kupungua wala kuzidi.

Sendofu ilifanyika Vwawa, watu walikula, bibi harusi alilia kama ilivyopangwa. Flashi ninayo hadi leo, na tangu ikubali kwamba ni GB 8 haijanikosea. Ukinunua ya kwako, usiipe siri zako siku hiyohiyo. Ipo programu ndogo ya bure, H2testw, kutoka jarida la Kijerumani c't: huijaza flashi mpaka juu, kisha husoma yote iliyoandika na kukuambia uwezo wake halisi. Na kitu cha maana kiweke mahali pawili.

Kwa wachangiaji sina programu ya namna hiyo. Nina simu ya mhazini tu. Shemeji, bado laki moja na sabini na tano.