Nimerudi na Taulo Kavu



Mjomba, uliuliza habari za milima ya Adirondack huku New York, basi nikueleze nilivyokwenda kuogelea.

Ziwa lenyewe ni Lower Ausable, jembamba, limebanwa na milima Colvin na Sawteeth. Lina wenyewe. Si la serikali wala la kijiji. Ni mali ya watu, na msitu wa ekari kama 7,000 unaolizunguka nao ni wao. Sisi wapanda milima tunapita kwa mkataba wa mwaka 1978 kati yao na jimbo la New York, na tunapita tu. Kuogelea hakuna. Hema hakuna. Mbwa hata awe na adabu kuliko mwenyewe, abaki nyumbani. Haya nimeyasoma langoni, taulo liko begani.

Tena tangu 2021, kuanzia Mei hadi Oktoba, sharti uombe nafasi mtandaoni kabla ya kwenda. Ni bure, ila maegesho ni ya magari 70. Mimi sina gari, nikajua hayanihusu. Kumbe hata anayekuja kwa miguu bila nafasi anarudishwa! Aliyeshuka kwenye basi ndiye anayesalimika: tiketi yake, ikiwa haijapita saa 24, ndiyo kibali. Nikaipekua yangu mfukoni, imelowa mafuta ya maandazi. Mlinzi akaikunjua kwa ncha za vidole, akaisoma mbele na nyuma kama cheti cha ndoa, akasema nipite. Miaka sita Marekani, ndiyo mara ya kwanza kukosa gari kunaniletea heshima.

Nikakata kilometa 5 na ushee za barabara ya vumbi, kisha nikapanda hadi jabali la Indian Head. Mjomba, nilikumbuka ziwa letu la Ngosi huko nyumbani! Juu tulikuwa watu kama kumi na watano tunagombea jiwe moja la kupigia picha. Chini, mzee mmoja anapiga kasia taratibu, ziwa zima lake.

Nilinuna kidogo, sikufichi. Lakini njia nzima sikuona chupa hata moja. Tulichokiacha sisi Ngosi siku ile ya kumaliza darasa la saba unakijua, maana kreti la soda ulilibeba wewe.

Ukija, njoo na viatu vya mlima. Na tiketi ya basi usiitupe.