Ombi la Cheti cha Kutodaiwa Kipaji

Kwa: Waheshimiwa Viongozi wa AFL, Ligi ya Mpira wa Australia,
Docklands, Melbourne.

YAH: MSHAMBULIAJI KUTIMIZA KIPAJI CHAKE, HATIMAYE

Husika na somo tajwa hapo juu.

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na viyoyozi vya ofisi vikifanya kazi, maana Februari ya Melbourne haina mzaha. Sisi huku Footscray hatujambo. Tunalipa viingilio, tunanunua pai ya nyama kwa bei ambayo kwetu tulikotoka ungepewa mguu wa mbuzi na chenji, na tunasubiri msimu uanze.

Nawaandikia kwa sababu swali limetoka tena. Hutoka kila mwaka wakati huu, wachezaji wakiwa bado wanakimbizwa mazoezini. Huja na picha ya kijana mrefu, mikono kiunoni, jasho linamtiririka, na chini yake maandishi: je, huu ndio mwaka atakaotimiza kipaji chake? Jina hubadilika, kimo hakibadiliki. Ni lazima akaribie mita mbili, ni lazima awe mshambuliaji, na ni lazima awe alichukuliwa mwanzoni kabisa mwa drafti, yaani ule mgawo wa vijana kwa klabu, siku ile mlipompandisha jukwaani, mkamvalisha jezi juu ya shati la pasi na kumwambia atabasamu.

Beki haulizwi. Mtazameni Aliir Aliir. Alizaliwa Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, na klabu ya Sydney ilimchukua kwenye drafti ya mwaka 2013 akiwa namba 44. Mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, aliingia kwenye kikosi bora cha msimu. Kazi yake ni kuharibu mipango ya wenzake, na anaiharibu vizuri mno. Sijawahi kusikia mtu akipiga simu redioni asubuhi, kahawa haijapoa, kuuliza Aliir atatimiza lini kipaji chake. Namba 44 hadaiwi. Kila anachofanya huyo huhesabiwa nyongeza. Namba moja anadaiwa kabla hajafunga hata bao la mazoezi, na kila anachofanya huhesabiwa malipo pungufu.

Sasa mimi, kwa unyenyekevu wote, nauliza: nani alikopa?

Chukueni Jack Watts. Novemba 2008 klabu ya Melbourne, iliyokuwa imeshika mkia, ilimchagua namba moja. Alikuwa na miaka 17. Juni 2009, akiwa bado mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, alipangwa kucheza mechi yake ya kwanza pale uwanja wa MCG, dhidi ya Collingwood, kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia, siku ambayo hata asiyejua mpira huwasha televisheni. Alipoupata mpira, watu wazima wa Collingwood walimvaa wakamzika nao. Kisha mtoto akarudi kwenye madaftari yake, na nchi nzima ikaanza kupiga hesabu ya riba.

Katika misimu tisa pale alifundishwa na makocha sita, ukiwahesabu na wale wa kushikilia kiti. Kila mmoja alikuja na mfumo wake, na kila mmoja alimkuta Watts akidaiwa na mfumo uliopita. Mwaka 2011 klabu ilifungwa na Geelong kwa tofauti ya pointi 186, ikamfukuza kocha. Mwaka 2013 nyinyi wenyewe mlihitimisha uchunguzi wenu kuhusu msimu wa 2009: mlisema klabu haikupoteza mechi makusudi, halafu mkaitoza faini ya dola 500,000. Hukumu hiyo naiheshimu sana. Sijapata kuona mtu asiye na kosa akilipishwa fedha nyingi namna ile. Lakini katika nyumba hiyo hiyo, inayovuja kila kona, swali la kila Februari lilikuwa moja tu: mbona Watts hang'ari?

Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 18, jamani. Mlimtoa shuleni mkamweka katikati ya uwanja, timu haina kiungo wa kumpelekea mpira, kocha haijui kesho yake, mkakaa pembeni na kalamu mkiandika anachodaiwa! Mshambuliaji haendi kuchota mpira kwa ndoo. Anakaa mbele anasubiri aletewe, na asipoletewa atafunga nini, upepo?

Samahani, waheshimiwa. Nirejee kwenye somo.

Juni 2017, sikukuu ileile, uwanja uleule, wapinzani walewale, Watts alifunga mwishoni bao lililowapa Melbourne ushindi wa pointi 4. Mtu wa kawaida angedhani hapo daftari limefungwa. Kabla mwaka haujaisha wakampeleka Port Adelaide. Msimu wa 2019 ulipoisha alikuwa amestaafu, akiwa na mechi 174 za ligi, na mpaka leo jina lake likitajwa watu huguna kana kwamba aliondoka na funguo za ofisi.

Kwa hiyo naleta ombi, na ni ombi ambalo mtu yeyote aliyewahi kuacha kazi, kumaliza chuo au kuhama nyumba ya kupanga katika nchi zetu atalielewa mara moja. Naomba Ligi ianze kutoa Cheti cha Kutodaiwa Kipaji.

Utaratibu nimeshauandaa ili nisiwasumbue. Ofisi iwe hapo hapo Docklands, ghorofa ya chini, Dirisha Namba 4, na ifunguliwe Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa sita, isipokuwa mhusika akiwa amekwenda msibani. Mshambuliaji afike mwenyewe, wakala haruhusiwi. Alete picha mbili ndogo, moja ya siku ya drafti akiwa na chunusi, nyingine ya sasa. Alete barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Najua Melbourne haina mjumbe wa nyumba kumi. Mtakubali barua ya mama anayeuza pai nyuma ya goli, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyemwona kila wiki bila kumtaka chochote.

Fomu iwe na sehemu tano. Sehemu A, jina na kimo. Sehemu B, kiasi cha kipaji kinachodaiwa, kwa tarakimu na kwa maneno. Sehemu C, jina la aliyekopa. Sehemu D, sahihi ya aliyekopa. Hapo karani ataona kwamba sahihi iliyopo ni ya skauti wa klabu, mwanaume wa makamo mwenye notibuku, na kijana amewekwa kama dhamana tu. Karani asishtuke. Aendelee na Sehemu E, ambayo ni kiapo cha viungo wa timu, wakieleza mbele ya hakimu ni mipira mingapi walimpelekea mwenzao ikiwa na uhai, na mingapi waliipiga juu kwa hofu, ikashuka katikati ya mabeki watatu naye yuko peke yake. Kiapo cha uongo kiwe na adhabu: kiungo aliyedanganya acheze mbele kwa mwezi mzima.

Fomu ikikamilika iende kwenye jopo, nalo liamue daraja. Daraja la kwanza, amelipa lote. La pili, amelipa kwa awamu. La tatu, deni limefutwa kwa sababu za kibinadamu. La nne, ambalo nadhani litaishiwa karatasi mapema, imebainika kwamba hakuwahi kudaiwa. Cheti kigongwe muhuri wa bluu, wino uvuje kidogo pembeni ili kionekane halali, kisha kifunikwe plastiki, kwa kuwa mchezaji atatembea nacho kwenye soksi.

Matumizi yake ni haya. Mshambuliaji akikosa goli la mita thelathini, na bwana mmoja wa safu ya tatu akasimama na bia yake kuuliza kipaji kiko wapi, mwamuzi atapuliza filimbi na saa itasimama. Mchezaji atasogea kwenye uzio, atachomoa cheti, atamwonyesha bwana yule pande zote mbili. Bwana akitaka kukishika, anawe mikono kwanza. Akiridhika, aketi. Asiporidhika, atatakiwa atoe ripoti yake mwenyewe ya shule, ile ambayo mwalimu wa darasa aliandika kwa kalamu nyekundu "ana uwezo, aongeze bidii", na aeleze mbele ya safu nzima kama aliiongeza. Mechi itaendelea.

Kwa waliostaafu, vyeti vitumwe kwa posta ya rejesta. Cha Tom Boyd kipelekeni kwa mkono.

Huyu nitamsema kwa upole, nikiweza. Namba moja wa 2013. Baada ya msimu mmoja tu kule Greater Western Sydney, klabu yetu ya Bulldogs ilimchukua, ikamtoa nahodha wake Ryan Griffen na nafasi ya sita ya drafti, na ikampa kijana mkataba wa miaka saba ulioripotiwa kufikia dola milioni 7. Hakujipangia bei yeye. Ila kila Jumamosi iliyopita bila bao, bei ilisomwa kwa sauti. Oktoba 2016, fainali, watu karibu laki moja pale MCG, akiwa na miaka 21 akafunga mabao matatu. La mwisho alilipiga kutoka mbali, mpira ukadunda mbele ya goli, ukachagua kuingia. Footscray ilikuwa inangoja ubingwa tangu 1954. Wazee walilia.

Mkamwacha? Hamkumwacha. Msimu uliofuata swali likarudi limevaa nguo mpya: anaweza kurudia? Yeye mwenyewe ameeleza hadharani habari za usingizi uliopotea, wasiwasi na msongo. Mei 2019, akiwa na miaka 23, aliondoka na kuacha mezani mshahara wa zaidi ya miaka miwili. Kijana aliona ni nafuu kuacha mamilioni kuliko kuendelea kuulizwa, na bado wapo waliosema amepoteza kipaji. Kipaji cha nani? Kilikuwa cha kwenu?

Paddy McCartin, namba moja wa 2014, alipigwa kichwa mara nyingi kiasi kwamba jambo la kuuliza lilikuwa moja tu: kijana ataamka vipi kesho? Nyinyi na wachambuzi wenu mkauliza mabao. Jamarra Ugle-Hagan, namba moja wa 2020, kijana wa jamii za wenyeji asilia, alitukanwa rangi yake kutoka jukwaani Machi 2023. Mechi iliyofuata aliinua jezi akaionyesha ngozi yake kwa kidole, kama mchezaji Nicky Winmar alivyofanya mwaka 1993, akafunga mabao matano. Miaka thelathini kati ya jezi mbili zilizoinuliwa! Mwaka 2025 hakucheza mechi hata moja ya ligi, akahamia Gold Coast, na swali limemfuata kwa ndege inayofuata. Mtu anaulizwa amefikia wapi na mchezo, ilhali mchezo haujaulizwa umefikia wapi naye.

Nimemaliza hapo. Nakunywa maji.

Kuna maombi mengine madogo ambayo nayapitisha tu, myapokee mkiwa njiani kwenda chakula cha mchana. Maskauti wachapishe kila Desemba orodha ya waliowaacha. Wachambuzi wa televisheni wasomewe mwezi Septemba utabiri wao wa Februari, wakiwa wamesimama. Neno "mbadala wa Franklin" litozwe kodi, maana Lance Franklin alifunga mabao zaidi ya elfu moja na haiwezekani kila mtoto mwenye mguu wa kushoto awe mdogo wake. Na pai ishuke bei.

Najua mtanijibu kwamba swali ni halali, kwamba shabiki ana haki ya kutarajia. Nakubali. Hata mimi natarajia; nina ratiba ya msimu ukutani. Tena wapo wanaofika. Joe Daniher aliumia-umia kule Essendon, akahamia Brisbane, na mwaka 2024 akatwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi 60 dhidi ya Sydney. Siku chache baadaye, akiwa na miaka 30 na mkataba wa mwaka mwingine mkononi, akatangaza kwamba imetosha. Mngetegemea makofi na kimya. Badala yake mtaa mzima uliuliza: mbona mapema, si bado kuna kipaji kimebaki? Huyo naye fomu yake ishughulikieni haraka, ingawa sidhani kama atakuja kuifuata.

Nimeambatanisha bahasha yenye stempu kwa ajili ya majibu, nakala tatu za fomu, na sampuli ya muhuri. Kama mhusika hayupo, nitakuja Alhamisi.

Wenu katika ujenzi wa ligi,

Mlipa kiingilio,
Footscray.

Nakala:
Chama cha Wachezaji – kwa hatua.
Viungo wote wa klabu zilizoshika mkia – kwa ajili ya kiapo.
Bwana wa safu ya tatu – atafute ripoti yake ya shule.
Mabeki – kwa taarifa tu, haliwahusu.