Jinsi ya Kumlea Nunda Segera: Mwongozo wa Pakiti ya Karata za Viumbe

Kwanza chagua kiumbe mmoja. Wanaoanza mchezo wa karata za kupigana hujaza pakiti kila kilichowahi kuwatisha: joka, jini, zimwi la vichwa saba, popobawa, chunusi wa mtoni, na juu yake malaika mwenye upanga kwa kuwa picha yake imependeza. Pakiti ya namna hiyo ni mkutano wa hadhara uliokosa mwenyekiti. Joka anataka ardhi saba ndipo atoke, chunusi hana mto wa kuogelea, malaika na jini hawasaidiani kwa lolote, na wewe umeshika karata saba nzuri huku unapigwa na mtu mwenye mbwa watatu. Kwa hiyo chagua mmoja, na kila karata nyingine uiulize swali hili: unamfanyia nini mkubwa wako? Isiyo na jibu irudi kwenye boksi, hata kama umeichora usiku kucha.

Mahali pa kujengea pakiti ni Segera. Barabara ya kutoka Chalinze inagawanyika hapo: wa Muheza na Tanga wanapinda kulia, wa Korogwe, Mombo, Same, Moshi na Arusha wanapinda kushoto. Kwenye njiapanda kama hiyo hakosekani mtu anayesubiri gari, na mtu anayesubiri gari ndiye mshindani bora kuliko wote, maana hana pa kwenda. Kuna utingo ambaye lori lake linabadilishwa tairi, kuna bodaboda asiye na abiria, kuna wanafunzi wa shule za bweni na masanduku yao. Watu hawa wamekua na karata za kawaida, kopa na uru na shupaza, na wanajua kuficha mkono na kusoma uso wa mtu. Kilichobaki ni kuwaonyesha kanuni mpya.

Kanuni zenyewe nazichukua kwa Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Michezo mingi ya aina hii imefuata nyayo zake. Kila mchezaji anakuja na pakiti yake mwenyewe, isiyopungua karata 60. Ukiacha karata za kawaida za ardhi, karata yenye jina moja isizidi nakala 4. Unaanza na uhai 20 na karata 7 mkononi, na kwa kawaida kila zamu unavuta moja. Kila zamu unaruhusiwa kuweka mezani ardhi moja tu, na ardhi ndiyo inayolipia viumbe: mdogo anataka moja, mkubwa anataka sita au saba. Kiumbe ana namba mbili. Ya kwanza ni pigo analotoa, ya pili ni pigo linalomuua. Uhai wa mwenzako ukifika sifuri, umeshinda.

Nitataja mfano mmoja wa pakiti ya kiumbe mmoja uliofanyika vizuri, kwa kuwa unatuhusu. Mwaka 1996 Magic walitoa toleo la karata 350 liitwalo Mirage, lenye ulimwengu wa kubuni uliochota sana Afrika. Humo kuna griffin, mnyama mwenye kichwa na mabawa ya tai na kiwiliwili cha simba. Mkuu wao anaitwa Zuberi, na akiwepo mezani griffin wengine wote wanaongezeka nguvu. Kuna griffin wa Ekundu anayewahi kupiga kabla hajapigwa, na wa Mtenda anayeweza kumrudisha mkononi griffin aliyekwisha kufa. Ukiwapanga pamoja, kila mmoja ana kazi kwa mwenzake. Karata zilizobuniwa Marekani zina mkuu wa viumbe ambaye ukimwita jina kwa sauti hapa stendi, wanaume wawili watageuka. Kama wao walikuja kuchota kwetu, sisi wenye kisima tunangoja nini?

Kiumbe ninayempendekeza ni Nunda mla watu. Hadithi yake ilisimuliwa Unguja, na Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu huko Zanzibar, aliichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales. Sultani Majnuni alikuwa na paka. Paka akala mifugo, watu wakashitaki, sultani akasema paka ni wake. Akala mifugo mikubwa zaidi, watu wakashitaki tena, jibu likawa lile lile. Akala watu. Siku alipokula watoto wa sultani mwenyewe, ndipo sultani alipokubali kwamba huyu si paka tena, huyu ni Nunda. Mtoto wa mwisho akatoka kumtafuta. Akaua mbwa, akamletea mama yake, mama akasema siye. Akaua ngawa, siye. Punda milia, twiga, kifaru, tembo, kila mara siye, mpaka akampata mwenyewe.

Soma tena mfuatano huo kama mjenzi wa pakiti. Wanyama wamepangwa kwa ukubwa, kuanzia wa bei ndogo hadi wa bei kubwa. Wajenzi wa pakiti wanahangaika miaka na jambo hilo: wangapi wa bei ya moja, wangapi wa mbili, wangapi wa tano, ili kila zamu uwe na cha kutoa. Msimulizi wa Unguja alikwisha kulipanga zaidi ya karne kabla Garfield hajachora karata ya kwanza. Na katikati yake kuna mnyama anayekua kwa kula. Sijui kiumbe mwingine aliyekuja na kanuni zake mfukoni namna hii.

Basi hesabu ni hii. Ardhi 24. Paka wa Sultani 4, wa bei ya ardhi moja, pigo moja na uhai mmoja. Mbwa 4, naye wa ardhi moja. Ngawa 4 wa ardhi mbili, punda milia 4 wa tatu. Twiga 3 wa ardhi nne, na mpe uwezo wa kuzuia viumbe warukao, kwa ile shingo. Kifaru 2 wa tano, tembo 2 wa sita. Nunda mmoja tu. Hao ni viumbe 24, zimebaki nafasi 12, nazo ni za karata tatu za matukio, kila moja nakala 4.

Ya kwanza ni Paka ni Wangu: mwenzako akitaka kumuua paka kwa karata yoyote, unaitupa mezani na shauri lake linafutwa, kama mashitaka yalivyofutwa barazani kwa sultani. Ya pili ni Mifugo: toa mnyama wako mmoja aliwe, paka aongezewe mbegu mbili, zile za kuhesabu ukuaji wake. Ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote, Kauli ya Mama. Mnyama wako akiuawa, unaiweka mezani na kusema siye, kisha unatafuta ndani ya pakiti mnyama anayemfuata kwa ukubwa na kumshika mkononi. Mwenzako ameua punda milia akapumua, twiga anakuja. Ameua twiga, anakuja kifaru.

Mbegu ni za machungwa. Segera hazinunuliwi, zimejaa chini ya kila meza ya muuza machungwa. Ziokote, zioshe, zianike juani siku nzima, la sivyo zinanata kwenye karata. Kiumbe yeyote anapokufa, wako au wa mwenzako, weka mbegu moja juu ya paka, naye anapanda pigo moja na uhai mmoja. Zikifika sita, mwondoe, mtafute Nunda ndani ya pakiti, mweke mahali pake. Ndiyo maana nakala yake moja inatosha. Nunda akikujia mkononi mapema ni mzigo, na katika pakiti ya karata 60 nafasi ya kumkuta kwenye saba za mwanzo haifiki asilimia 12. Paka mwenye nakala 4 yuko karibu asilimia 40. Kwa ardhi 24, karata saba za mwanzo zitakupa kwa wastani ardhi mbili au tatu, kiasi cha kuanza maisha.

Kuna karata moja itakuomba iingie, na lazima uikatalie. Katika hadithi, ndege aliyekamatwa akila tende alimpa yule mtoto wa mwisho unyoya, akiuchoma moto ndege anakuja kumsaidia. Ni karata tamu. Lakini unyoya ni wa mtoto, na mtoto ndiye adui wa pakiti hii. Mama naye yuko upande wa mwanawe, ila kauli yake inawaongezea wanyama muda, kwa hiyo anakaa. Mipaka ya aina hiyo ndiyo inayoipa pakiti sura. Ukishaanza kusema huyu naye aje, mvua ikinyesha Handeni utakuwa na karata 90 na mkono mmoja usioweza kuzichanga.

Sasa utengenezaji. Nunua manila nyeupe stesheneri, na boksi gumu la dukani. Karata za Magic zina milimita 63 kwa 88; fuata vipimo hivyo ili baadaye ukipata kava za plastiki zitoshe. Piga mistari kwa rula na penseli, kata kwa wembe mpya, ukiegemeza wembe kwenye rula ya chuma. Ya plastiki italiwa. Bandika manila mbele na nyuma ya boksi, weka chini ya kitabu kizito mpaka gundi ikauke, la sivyo karata zinajikunja kama maganda. Juu andika jina na bei, katikati chora mnyama, chini kulia andika namba zake mbili. Mchoro uwe wa mkono wako. Ngawa chora mabaka na mkia wenye pete, asichanganywe na paka. Nyuma zote zifanane kabisa, bila doa wala kona iliyovunjika, kwa kuwa mtu akiweza kumtambua Nunda kwa mgongo, mchezo umekufa. Karata za kujitengenezea hazikubaliwi kwenye mashindano rasmi ya Magic. Kwenye benchi la Segera zina heshima zote.

Mchezo wenyewe una adabu zake hapa. Agiza chai kabla hujakalia meza ya mama ntilie, na saa za wali ukitakiwa uondoke, ondoka. Kaa upande usioelekea barabara, kwa sababu lori la mizigo likipita kwa kasi linachukua paka, mbwa na ardhi zote tatu. Kila fungu liwekee kifuniko cha soda juu. Na abiria wa basi usimwanzishie mchezo wa uhai 20. Basi limesimama watu wachimbe dawa na kununua machungwa, honi ikilia ataondoka na karata zako mkononi. Mwanzishie wa uhai 10, karata tano, na usimkopeshe pakiti yenye Nunda.

Utahitaji pakiti ya kupambana nayo, na hiyo nashauri iwe ya Mbegha. Huyu ni wa huku huku. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia jinsi Mbegha alivyotoka Ngulu, katika milima iliyo magharibi ya Handeni, na mbwa wake na mikuki yake, akiwinda nguruwe na kuwagawia watu nyama, mpaka akaua simba na Washambaa wakamfanya mfalme huko Vugha. Pakiti yake iwe kinyume cha ile ya kwanza: mbwa wengi wa bei ya ardhi moja, mitego, mikuki, ardhi 20 tu, na kila nguruwe akiuawa mchezaji anapata karata ya ziada kwa ile nyama. Inapiga haraka. Mbegha anataka kumaliza kabla ya zamu ya sita. Nunda anataka kufika zamu ya saba akiwa hai. Ila kila mbwa wa Mbegha anayekufa ni mbegu juu ya paka, na hapo mwindaji analazimika kufikiri ni lini arushe kundi na ni lini alizuie. Nimeona watu wazima wakinyamaza kabisa mbele ya uamuzi huo, chai inapoa.

Cheza michezo ya kutosha kabla hujabadili kitu, kisha badili karata mbili kwa wakati mmoja, zisizidi. Ukiona unashindwa kwa kukosa ardhi, toa kifaru mmoja uongeze ardhi moja. Ukiona ardhi zinajaa mkononi na huna wa kutoa, punguza ardhi moja uongeze twiga wa nne. Paka wakiuawa kila mara kabla ya mbegu ya tatu, usiongeze wanyama wakubwa. Punguza Mifugo moja na umjengee mlinzi wa bei ya ardhi mbili, askari wa sultani mwenye pigo sifuri na uhai nne, asimame mlangoni. Tembo usiwaguse.