Mgeni Rasmi na Mbuzi

Bariadi hatujawahi kukosa watu wa kupanda miti. Ikikaribia tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, kikundi chetu cha bustani hujaa wanachama ambao hata mwenyekiti hawajui. Tisheti zinagawiwa, maturubai yanafungwa, spika zinarindima. Mashimo yamechimbwa tangu jana, kwa sababu mgeni rasmi hachimbi. Mgeni rasmi anafukia.

Kuna mmoja alifukia mche wa mwarobaini pamoja na kiriba chake cha nailoni. Bwana miti alifungua mdomo, akaufumba. Nani amwambie mheshimiwa autoe, na kamera zimeshapiga? Tukapiga makofi. Usiku, kwa tochi ya simu, tukaufukua, tukauvua nailoni na kuurudisha shimoni, kama wezi walioingiwa na huruma.

Siku ya kupanda, picha hufurika kwenye kundi la WhatsApp. Baadaye katibu huuliza: "Wapendwa, leo zamu ya nani kumwagilia?" Tiki za bluu zinajaa, jibu hakuna. Mmoja hutuma viganja vya kuomba dua. Sasa dua itamwagilia nini, Juni mvua zikishakata na dumu la maji limeshapanda bei?

Halafu kuna mbuzi. Yeye hana haraka; hotuba zote husikiliza hadi mwisho. Tukiuliza ni wa nani, mtaa mzima haumjui. Lakini agongwe na bodaboda! Mwenyewe hutokea kabla vumbi halijatulia, anadai bei ya ng'ombe. Tulizungushia miche matawi ya mgunga yenye miba. Mbuzi akarudi nyuma. Kuni za bure zikamvutia mtu, uzio ukaishia chini ya sufuria la maharage.

Mzee mmoja jirani alitutazama mpaka akachoka. "Ng'wanawane," akaniambia, "nyie mnaanza na mti. Sisi tulianza na katazo." Alikuwa akizungumzia ngitili, eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua mifugo isiingie, likafunguliwa kiangazi majani yakiadimika. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, wakati Bariadi bado ikiwa Shinyanga, maana Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012, ulitegemea sana utaratibu huo. Mpaka mradi unafungwa mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerudi kwa maelfu ya hekta, na sehemu kubwa ya miti yake ilichipua yenyewe kutoka visiki na mizizi ya zamani. Hakuna aliyeikatia utepe. Ilikuwa na mwenyewe, na ukiingiza ng'ombe, unalipa faini.

Tukamsikiliza. Mjohoro wa barabarani tukawakabidhi vijana wa bodaboda, uwe wao, kivuli chao. Mbuzi alipousogelea alikutana na honi, kisha kandambili. Maji wakaubakizia kila walipoosha pikipiki. Leo umewafunika wote na abiria wao.

Juzi jua likiwaka nikaenda kupumzika chini yake. Kijana akaniamkia kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Unaelekea wapi?"

"Marahaba. Siendi popote, nimekaa kivulini tu."

"Samahani mzee, hapa ni kijiwe. Wanakaa wanaosafiri."

Nikapanda pikipiki, nikalipia nauli mpaka nyumbani. Nyumba yenyewe inaonekana kutoka pale.