Maneno Yaliyounganishwa Yatatumaliza

Ukitaka kunipandisha presha, usinitukane. Niandikie tu barua yenye maneno ya Kiingereza yaliyounganishwa mawili mawili.

Shule ya mwanangu imeniletea bahasha yenye karatasi mbili. Ya kwanza ni ripoti: kijana ni “outstanding” katika uigizaji. Ya pili ni ya karo: salio langu nalo ni “outstanding”. Mtoto amefaulu, na deni limefaulu! Mama watoto akauliza tumpongeze nani.

Zamani walimu walituambia neno likikushinda, lipasue katikati usome kila kipande. Haya, tulipasue: “out” ni nje, “standing” ni kusimama. Aliyesimama nje ni mimi, getini pa shule, nikiomba muda wa kulipa.

Ofisini ndiko balaa. Bosi katangaza kuwa “turnover” imepanda. Watu wa mauzo wakapiga makofi. Kumbe alimaanisha wafanyakazi wanaoacha kazi. Mwenzangu mmoja mlafi akabaki anangoja chai, kwa sababu kuna vitafunio vya kukunjwa vyenye matunda ndani ambavyo pia huitwa “turnover”.

Hata “deadline”, ambayo mhariri hunitishia nayo kila wiki, mwaka 1864 ilikuwa mpaka katika gereza la wafungwa wa vita la Andersonville, Marekani. Mfungwa akiuvuka, anapigwa risasi. Walau hapo hakuna aliyeuliza maana.

Lakini baba lao ni “oversight”. Maana moja ni kusimamia kazi kwa jicho kali. Nyingine ni kupitiwa, jambo likapita mbele yako usilione. Sasa, Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 185, imeyapa mabunge ya kaunti mamlaka ya “oversight” juu ya watendaji wa kaunti. Nikiona zahanati isiyo na dawa na barabara inayozinduliwa kila msimu wa kampeni, siwezi kusema waheshimiwa hawafanyi kazi. Wanaifanya sana, ila kwa ile maana ya pili.

Kiswahili nacho huunganisha maneno, lakini kiinuamgongo ni kiinuamgongo tu, hata kikichelewa kulipwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa karatasi yenye neno la aina hii, usitie sahihi wala usishangilie kabla hujauliza ni maana ipi. Na mwakilishi wadi wako akija kuomba kura 2027, ajisifu jinsi alivyofanya “oversight”, mkubalie. Kisha mnyime kura.