Cheti cha Soketi Moja

Soketi ya jikoni kwangu, hapa Amalemba, Kakamega, ilianza kunuka plastiki iliyoungua, nikamwita fundi. Akaja na testa, koleo na teipu nyeusi. Dakika kumi baadaye alichomeka simu yake, ikaanza kuingia chaji. "Tayari, mwalimu. Mia tatu tu."

Nikamwomba cheti. Alinitazama kama nimemdai cheti cha ubatizo. "Cheti cha soketi moja? Si chaji inaingia?"

Sheria ya Nishati ya 2019 inamtaka anayefunga nyaya za stima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Na nyumba mpya haiunganishwi na Kenya Power mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi kwamba nyaya ni salama. Siku ya kuunganishwa, ajabu, karatasi hupatikana. Baadaye mwenye nyumba huongeza vyumba viwili, kinyozi na friji ya soda, na cheti kile kile kinaendelea kuapa kabatini kwamba hapa pana balbu tatu.

Vipimo je? Stima ya volti 240 hupimwa kwa ncha ya testa na imani. Tena Kakamega hii, ambako radi hupita jioni bila kubisha hodi!

Nilimuuliza habari za waya wa ethi. "Ule nimeutoa, mwalimu. Hauna kazi. Stima inawaka bila huo."

Waya wenyewe, kijani na manjano, amenifungia nao mlango wa banda la kuku. Umekaza vizuri.