Mwongozo wa Kumwacha Mtu Maarufu Afe Siku Yake Ikifika

Msanii mkubwa akifariki asubuhi, jioni swali limeshageuka. Kwenye daladala, kwa kinyozi, kijiweni na katika makundi ya WhatsApp, hakuna tena anayeuliza marehemu aliugua nini au atazikwa wapi. Watu wanaulizana: nani anafuata? Majina yanaanza kumwagwa. Yule mwimbaji wa taarab aliyekonda. Yule kocha anayetembelea mkongojo. Yule mwanasiasa mstaafu ambaye hajaonekana msikitini wala kanisani tangu mwaka uanze. Wote wanaotajwa wako hai, wana watoto, na watoto wao wamo kwenye makundi hayohayo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuiacha tabia hiyo. Una hatua saba, haumalizi bando, na unafaa kwa rika zote.

Hatua ya kwanza: Acha kuhesabu watatu watatu

Wapo wanaoamini kwamba mashuhuri hufa watatu kwa mpigo. Marekani imani hiyo ina mizizi mirefu, na mwaka 2009 ilipata ushahidi uliowatosha wengi: mtangazaji Ed McMahon alifariki tarehe 23 Juni, kisha tarehe 25 wakafuata Farrah Fawcett na Michael Jackson siku moja. Watatu wametimia, wakasema. Tarehe 28 akafa Billy Mays, aliyejulikana kwa matangazo ya biashara kwenye televisheni, na tarehe 1 Julai mwigizaji Karl Malden. Hao hawakuhesabiwa, kwa sababu hesabu ilikuwa imeshafungwa.

Siri ya hesabu hii ni kwamba anayehesabu ndiye anayeamua aanze wapi, aishie wapi, na nani ni maarufu. Tarehe 21 Aprili 2016 alifariki mwanamuziki Prince huko Minnesota, Marekani. Siku tatu baadaye mwanamuziki wa Kongo Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan akafariki. Kwa mtu wa Kinshasa, msiba wa mwezi ule ulikuwa ni Wemba. Kwa mtu wa Minneapolis ulikuwa ni Prince. Kila mmoja angeweza kutafuta watatu wake na akawapata, maana duniani watu wanaojulikana ni wengi na hakuna wiki inayopita bila mmoja wao kuzikwa.

Hatua ya pili: Usijiite mtabiri kwa kumtaja mzee wa miaka 90

Kwa takwimu za Marekani, mwanamume aliyefika miaka 90 ana uwezekano wa karibu moja kwa sita wa kufariki kabla ya kutimiza 91. Chukua kalamu. Ukiandika majina ya wazee kumi wa umri huo, uwezekano kwamba angalau mmoja wao atafariki ndani ya mwaka unapita asilimia 80. Orodha hiyo anaweza kuiandika mtoto wa darasa la tano, na Desemba ataonekana ana maono.

Utabiri wa majukwaani haukwenda mbali zaidi ya hapo. Mapema mwaka 2012 mhubiri TB Joshua wa Nigeria alisema kiongozi mmoja wa Afrika atafariki hivi karibuni. Hakutaja jina, na wengi wakamwangalia Rais Robert Mugabe wa Zimbabwe aliyekuwa na miaka 88. Tarehe 5 Aprili akafariki Rais Bingu wa Mutharika wa Malawi, na utabiri ukatangazwa kuwa umetimia. Mugabe aliishi miaka mingine saba, akafariki Singapore Septemba 2019 akiwa na miaka 95. Siku mbili baada ya Mutharika, Dar es Salaam ilimpoteza mwigizaji Steven Kanumba, kijana wa miaka 28. Anayehesabu wazee hawezi kumwona kijana kama huyo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na nyani mwenyewe hajui ni siku gani.

Tanzania nayo iliwahi kutikiswa. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyejulikana Afrika Mashariki nzima, alitabiri kwamba mwana-CCM atakayejitokeza kumpinga Rais Kikwete kwenye uchaguzi wa 2010 atakufa ghafla. Taifa likazungumza juu ya vifo badala ya hoja. Sheikh mwenyewe alifariki Mei 2011. Mtaja majina ya wengine naye ni mmoja wa watakaokufa, na gazeti la The New York Times linalo la kusimulia: taazia ya mwigizaji Elizabeth Taylor iliyochapwa Machi 2011 ilikuwa imeandikwa na Mel Gussow, aliyetangulia kufa mwaka 2005.

Hatua ya tatu: Usimweke mtu kwenye mkeka

Kuna nchi ambako huu ni mchezo kamili. Kila Januari washiriki huandika majina ya watu maarufu wanaodhani hawatamaliza mwaka, na mwenye majina mengi yaliyotimia ndiye mshindi. Katika baadhi ya michezo hiyo, alama hupatikana kwa kutoa umri wa marehemu kwenye 100. Mzee wa miaka 95 akifa, umepata alama 5. Kijana wa miaka 27 akifa, umepata 73. Tazama hesabu hiyo inakufundisha kuomba nini: kadiri msiba unavyokuwa mzito kwa wazazi, ndivyo unavyolipa zaidi kwako.

Waliotutangulia waliuona ubaya huo. Mwaka 1591 Papa Gregory XIV alipiga marufuku kuweka dau juu ya muda wa kutawala kwa papa na juu ya nani atamrithi, na adhabu yake ilikuwa kutengwa na Kanisa. Mwaka 1774 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia mtu kukata bima ya maisha ya mwingine ambaye kifo chake hakimletei hasara yoyote, kwa kuwa watu walikuwa wakiigeuza bima kuwa kamari. Mantiki ya sheria ile bado ni nzuri: asiyepata hasara kwa kifo cha mtu hapaswi kupata faida kwa kifo hicho.

Hatua ya nne: Kulazwa si kufa

Februari 2023 ilitangazwa kwamba Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, ameacha matibabu ya hospitali na anahudumiwa nyumbani hadi siku zake za mwisho. Watu walianza kumwandikia buriani siku hiyohiyo. Aliishi karibu miezi 22 zaidi, akatimiza miaka 100, akapiga kura, na akafariki tarehe 29 Desemba 2024. Papa Francis naye alilazwa hospitali ya Gemelli, Roma, tarehe 14 Februari 2025. Mitandaoni alikufa mara nyingi kabla ya kurudi Vatikani tarehe 23 Machi. Alifariki kweli tarehe 21 Aprili, siku moja baada ya kuwabariki waumini siku ya Pasaka.

Mgonjwa anahitaji dua, msaada wa gharama na mtu wa kukaa naye. Ukisikia mtu maarufu amelazwa, chagua moja kati ya hayo matatu, au nyamaza.

Hatua ya tano: Ukipokea msiba kwenye simu, uliza maswali matatu

Ujumbe wenyewe unafahamika. Picha imegeuzwa nyeusi na nyeupe, pembeni mshumaa, chini maneno ya kumuaga gwiji, na juu vishale viwili vinavyoonyesha kuwa umeshapita mikono mingi. Jina la aliyeuanzisha halipo.

Swali la kwanza: nani anatangaza? Wanaokumbuka matangazo ya vifo redioni wanajua kwamba jina la mfiwa lilitangulia. Ndugu fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi. Kisha siku, mahali pa mazishi, na habari ziwafikie watoto na wajukuu popote walipo, wakitajwa mmoja mmoja. Kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Ujumbe usio na mfiwa ndani yake si tangazo la msiba.

Swali la pili: amefia wapi, lini, na mazishi yako wapi? Mzushi huwa hana matanga ya kukuelekeza.

Swali la tatu: chombo gani kimethibitisha, na kimethibitisha kwa nani? Uliza hivyo hata kwa vyombo vikubwa. Tarehe 5 Juni 1998 shirika la habari la AP liliweka kwenye tovuti, kwa bahati mbaya, taazia ya mchekeshaji Bob Hope. Mbunge mmoja akaitangaza ndani ya Bunge la Marekani mbele ya kamera, wakati Bob Hope yuko nyumbani California anapata kifungua kinywa. Alifariki miaka mitano baadaye, akiwa na miaka 100. Novemba 2020 tovuti ya redio ya RFI ya Ufaransa ilichapisha kwa hitilafu ya kiufundi taazia za watu wengi waliokuwa hai, Malkia Elizabeth na Pelé wakiwemo, na redio hiyo ikaomba radhi. Vyumba vya habari huandaa taazia mapema ili historia ya mtu isiandikwe kwa papara, na hiyo ni kazi ya heshima. Kosa ni kuitoa kabla ya mwenyewe kuondoka.

Na asikudanganye mtu kwa methali ya lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika habari za kifo, linakuja kwa kila mmoja wetu. Kuja kwake kesho hakuugeuzi uongo wa leo kuwa kweli.

Hatua ya sita: Wenye habari waseme

Hatua hii ni ya familia, mameneja na serikali. Mwaka 2021 Rais John Magufuli hakuonekana hadharani baada ya tarehe 27 Februari. Uvumi ukajaa, viongozi wakasema yuko salama anachapa kazi, polisi wakawakamata watu kwa madai ya kueneza uvumi, na tarehe 17 Machi Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akalitangazia taifa kwamba amefariki. Wananchi waliobaki bila taarifa kwa siku zile walikuwa na haki ya kuuliza. Anayeuliza rais wake yuko wapi hamzulii mtu kifo.

Dawa ya uvumi ni mtu kuonekana. Rais Paul Biya wa Cameroon alizushiwa kifo Juni 2004. Alirudi Yaoundé na kuwaambia waliotaka kumzika wasubiri miaka mingine 20. Miaka 20 ikapita. Oktoba 2024 akazushiwa tena, serikali yake ikakanusha, akashuka uwanja wa ndege mbele ya umati, na mwaka uliofuata akagombea urais akiwa na miaka 92.

Hatua ya saba: Msifu akiwa anasikia

Maneno mazuri tunayoyamwaga chini ya picha ya marehemu hayamfikii. Mpiga gitaa aliyetuchezesha sote kwenye harusi anasahaulika akiwa mgonjwa, halafu akifa kila mmoja anaweka wimbo wake kwenye stetasi. Muda tunaoutumia kukisia nani anafuata ungetosha kumtafuta mzee mmoja wa sanaa, kumrekodi akisimulia, kulipia kazi yake, na kuuliza kama ana bima ya afya.

Basi ndugu yangu, siku nyingine ukiulizwa nani anafuata, mtaje msanii aliye hai ambaye kazi yake unaipenda, na useme kwa nini unaipenda. Kama namba yake unayo, mpigie. Kama huna, nunua tiketi ya onyesho lake. Kutangaza kifo chake waachie watakaomzika.